Chura wa Kihansi na umeme wetu

Ndugu, umeuliza kwa nini hela itumike kwa chura wa Kihansi wakati kuna vijiji havina umeme. Swali halali, ila umeanzia katikati ya hadithi.

Yule chura alikuwa akiishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, kule milima ya Udzungwa, Tanzania. Ni wa njano, mdogo kiasi cha kukaa juu ya kucha ya kidole gumba, na hatagi mayai. Anazaa vitoto vilivyokamilika. Wataalamu walimwona mara ya kwanza 1996, bwawa la kuzalisha umeme likiwa tayari linajengwa hapo. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakata. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, lakini 2003 wakafa karibu wote (ugonjwa wa kuvu nao ulionekana, tusilisingizie bwawa peke yake). 2009 akatangazwa kutoweka porini.

Kwa hiyo hatuzungumzii huruma kwa kiumbe fulani cha mbali. Sisi ndio tuliogeuza maji. Ukibomoa ukuta wa jirani ili upitishe gari lako, humwambii "nyumba yako ilikuwa ndogo mno".

Na umeme hatukuukosa, megawati 180 zipo. Vyura waliookolewa kabla hawajatoweka walizalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na 2012 wakaanza kurudishwa. Chura Mtanzania karudi kwao kwa ndege!