Re: Anasimulia vizuri, akishika kalamu anakwama

Habari, dada. Mwanao wa miaka 8 anasimulia vizuri, akiandika hatoi zaidi ya mistari miwili, na mwalimu anamwita mvivu. Kwanza apimwe macho. Kisha aseme sentensi tano kwa mdomo, halafu aandike hizohizo. Pengo likiwa kubwa, mtazame mkono: anabana penseli hadi vidole vinakakamaa? Maneno yanagusana, herufi zinapanda na kushuka mstari, kubwa zinajipenyeza katikati ya neno? Kugeuza b na d tu kusikutishe, wengi hupitia. Kama kusoma hakumsumbui, huenda ni disgrafia, yaani ugumu wa kuandika usiotokana na uvivu, ila daftari pekee halithibitishi. Mtaalamu wa tiba kazi, anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku kama kuandika, ampime. Na adhabu ya kunakili kurasa ikome: mkono uliochoka huharibu zaidi.