Kabla ya Kupima Jeni, Mpigie Shangazi

Miaka minne nilitibiwa ameba. Kila nikifika zahanati na tumbo la kusokota, choo chenye kamasi na damu, nilirudi nyumbani na dawa zilezile za metronidazo. Nafuu ya wiki mbili, kisha yaleyale. Siku nilipoamka kwenda chooni mara kumi na moja usiku mmoja, binamu yangu alinipakia kwenye basi la alfajiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam. Huko nikafanyiwa kipimo cha kamera, wakachukua vinyama vya kupima. Jibu likawa kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana unavimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili haijui kutulia. Nduguye ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa.

Daktari aliniuliza, "Kwenu yupo mwenye shida kama hii?" Nikasema hapana, tena haraka haraka.

Jioni nikampigia shangazi yangu, mtu wa Muscat tangu aolewe. Shikamoo, marahaba, tumbo vipi mwanangu. Nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani bando limekata. Kisha akasema, taratibu, "Hiyo yangu hiyo. Mwaka wa kumi na tisa huu nameza vidonge, mkojo unanitoka rangi kama soda ya chungwa."

Ndipo nikaelewa kwa nini kila akija harusini hukaa kiti cha mwisho, jirani na mlango. Sisi tulikuwa tunasema anaringa.

Simlaumu. Nani atataja damu ya chooni mbele ya mawifi? Lakini ningelijua hilo mapema, naamini ningesukuma nipimwe kwa kamera mwaka wa kwanza, si wa nne. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: waulize wakubwa wenu. Uliza kwa maneno ya nyumbani, kwa sababu "kolaitisi" hawaijui. Nani alikuwa anakonda bila sababu? Nani alifanyiwa upasuaji wa utumbo? Nani alikuwa na jipu au tundu lisilopona pembeni ya njia ya haja kubwa? Nani kila safari anauliza choo kiko wapi? Halafu majibu mpelekee daktari hata asipokuuliza.

Sasa, watu wakisikia "ni ya ukoo" wanaanza kutafuta wa kumtupia lawama. Tulieni. Kinachorithiwa ni wepesi wa kushikwa, ugonjwa wenyewe haurithiwi kama jina la babu. Ushahidi ninaoupenda ni wa pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile. Mmoja akiwa na Crohn, mara nyingi mwenzake hana, na kwa kolaitisi yangu wanaougua wote wawili ni wachache zaidi. Yaliyobaki yanatokana na maisha: bakteria wa tumboni, chakula, sigara, pengine dawa tulizomeza utotoni.

Jeni ya kwanza kutajwa wazi ilikuwa NOD2, mwaka 2001, kwa upande wa Crohn. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: hutambua vipande vya ukuta wa bakteria na kupiga kelele. Akisinzia, bakteria hupenya, na askari wengine huja wamechelewa na kuvunja mpaka vyombo vya ndani. Tangu hapo zimepatikana sehemu zaidi ya 200 za vinasaba zinazohusika, nyingi zikichangia kidogo kidogo mno.

Ndiyo maana mtu akikuuzia kipimo cha jeni ili akwambie kama utaugua, hifadhi pesa yako. Zaidi ya hayo, zile hitilafu tatu maarufu za NOD2 ni za Wazungu hasa. Kwetu Waafrika ni adimu, kwa hiyo jibu la "huna" halikwambii kitu. Pesa hiyo ni bora ipime kalprotektini kwenye choo, inayoonyesha kama utumbo umevimba kweli. Mtoto mchanga anayeanza kuugua hivi ni habari nyingine. Kwake huenda jeni moja tu ndiyo imeharibika, na hapo kupima kuna maana kubwa.

Kuna urithi mwingine ambao watu wanausahau, nao ni wa jinsi mwili unavyopokea dawa. Vile vidonge vya shangazi, salfasalazini, vinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na upungufu huo si mgeni kwenye nchi za malaria kama zetu. Mimi nilipimwa kwanza. Azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nayo hushusha vibaya chembe nyeupe kwa wenye hitilafu ya jeni ya TPMT. Kama kipimo chake hakipatikani ulipo, muulize daktari kuhusu kuanza na dozi ndogo, na usikose miadi ya picha kamili ya damu. Mimi niliruka moja kwa uvivu, nikagombezwa ipasavyo.

Binti yangu ana miaka 14. Nimemwambia yote, pamoja na hesabu: mzazi mmoja akiwa nao, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 hawaupati. Simpikii chakula cha mgonjwa wala simpeleki kwenye kamera bila dalili. Nimemkataza sigara tu, na akiona damu aniambie siku hiyohiyo. Akauliza, "Hata kama kuna wageni?" Hata kama kuna wageni.

Daftari la ukoo tumelianza. Lina majina ishirini na mbili, matatu yamewekewa alama. Ami yetu wa Pemba tulimwandikia WhatsApp Ijumaa. Tiki zimegeuka bluu, jibu bado.