Maswali na Majibu: Kushuka Left Gully kwa Skii Mara Baada ya Theluji Mpya

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Manchester, katika jimbo la New Hampshire, Marekani. Nimeteleza kwa skii misimu kadhaa kwenye viwanja vyenye lifti, na majira ya baridi yaliyopita nilihitimu mafunzo ya awali ya usalama wa maporomoko ya theluji. Mimi na wenzangu wawili tunakusudia kwenda Tuckerman Ravine, bonde lenye kuta kali kwenye Mount Washington, tushuke korongo liitwalo Left Gully asubuhi itakayofuata dhoruba ya sentimita 20 au 25 za theluji, tuipate ikiwa bado laini. Naomba kujua tutatambuaje kama korongo limetulia, na kama kuwakuta watu wengi wamekwisha kupanda na kushuka si dalili ya kutosha. Pia, ni afadhali tulipande kutoka chini au tuliingie kutoka juu?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe, kisha nitoe sababu zake. Asubuhi ya kwanza baada ya dhoruba ya kiasi hicho nisingeingia Left Gully, wala nisingemwongoza mteja yeyote kuingia humo, hata anga likiwa jeupe na theluji ikivutia kiasi gani. Ningesubiri siku moja au mbili, na zaidi ya hapo iwapo upepo unaendelea. Kazi yangu ni kuongoza watu milimani na kufundisha somo hilo ulilolisoma, na kosa ninaloliona mara nyingi katika mlima huu si la wasiojua kuteleza. Ni la watelezaji hodari wanaoipima hatari kwa kipimo cha theluji iliyoanguka peke yake.

Sentimita 25 za utabiri ni kiasi kinachotarajiwa kuanguka kutoka mawinguni. Hazikwambii ni theluji kiasi gani itakuwa ndani ya korongo. Mount Washington una mita 1,917 tu, lakini ni miongoni mwa mahali penye upepo mkali kabisa duniani. Tarehe 12 Aprili 1934 waangalizi wa hali ya hewa kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na katika majira ya baridi wastani wake huko huwa kilomita 70 kwa saa au zaidi, ilhali kilomita 25 au 30 kwa saa zinatosha kuanza kuihamisha theluji laini. Pepo hizo huvuma zaidi kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, zikaifagia theluji kwenye nyanda zilizo wazi juu ya bonde, kama vile Bigelow Lawn na Alpine Garden, na kuimwaga upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, ambako ndiko Tuckerman na makorongo yake yaliko. Katika mahali pa namna hiyo upepo unaweza kurundika theluji kwa kasi iliyo mara kadhaa, pengine hata mara 10, kuliko ile inayoanguka yenyewe. Ndiyo maana dhoruba moja huweza kuacha kilele kikiwa karibu uchi na ukingo wa juu wa korongo ukiwa umebeba zaidi ya mita moja.

Theluji hiyo iliyosafirishwa na upepo pia si ile laini unayoitamani. Chembe zake zikiburutwa huvunjika vipande vidogo, na vipande hivyo hushindiliwa kama unga wa sembe ndani ya gunia hata vikashikamana na kuwa bamba moja. Bamba linaweza kuwa gumu, au likawa laini kiasi cha kukupa mizunguko mizuri ya kwanza, na hilo la pili ndilo linalodanganya wengi. Ukiliwekea uzito mahali pabovu, ufa husafiri katika tabaka dhaifu lililo chini yake kwa kasi ambayo hakuna mtelezaji anayeweza kuikimbia, na eneo zima hukatika ukiwa juu yake. Mabamba hukatika zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa karibu na nyuzi 38, na sehemu kubwa ya Left Gully imo ndani ya kiwango hicho, huku sehemu yake ya juu ikikaribia nyuzi 45. Kwa kuwa linaelekea kaskazini-mashariki, katikati ya majira ya baridi korongo hilo hupata jua kidogo, na theluji yake hukawia kutulia. Ongeza kwamba katika milima hii mvua inaweza kunyesha hata mwezi Januari na kufuatwa na baridi kali, hivyo chini ya theluji mpya mara nyingi pana gamba la barafu. Gamba hilo hulipa bamba sakafu ya kutelezea. Nawe ukianguka na kulifikia, kingo za skii hazitapata pa kung'ata, na utateleza hadi miambani au hadi mwisho wa mteremko. Kuteleza kwa muda mrefu baada ya kuanguka huwaumiza watu wengi sana katika mlima huu, hata siku ambazo hakuna poromoko lolote.

Sasa, mtatambuaje kama limetulia? Asubuhi hiyo, kabla ya kuwasha gari, someni taarifa ya Mount Washington Avalanche Center, kituo cha Huduma ya Misitu ya Marekani ambacho hutoa utabiri wa hatari msimu wote. Msiishie kwenye namba ya daraja la hatari. Someni maelezo ya aina ya tatizo, upande wa mlima unaohusika, na saa ambazo upepo ulibadilika. Daraja la 3 kati ya 5 huonekana kama la katikati, na kwa sababu hiyo watu hulichukulia kwa wepesi, ilhali katika nchi nyingi ndilo ambalo vifo vingi hutokea. Kisha tazameni vipimo vya upepo vya kileleni kwa saa 24 zilizopita, vinavyotolewa na Mount Washington Observatory, mlinganishe mwelekeo wake na mahali theluji ilipokuwa ikianguka. Dhoruba iliyoisha kwa upepo wa magharibi wa kilomita 80 kwa saa imekwisha kukujibu kabla hujafika Pinkham Notch, mahali pa kuegesha gari njia inapoanzia.

Mkiwa njiani mtapata ushahidi mwingine, nao uchukueni kwa uzito kamili kila unapoonekana. Nyufa zinazokimbia mbele ya skii, sauti nzito ya theluji kuketi chini ya miguu, eneo linalolia kama kitu chenye uwazi ndani, au poromoko jipya mahali popote bondeni, kila kimoja kinatosha peke yake kukurudisheni. Kutoonekana kwa dalili hizo, kwa upande mwingine, hakuthibitishi usalama, kwa sababu njia ya kwenda Hermit Lake, kituo kilicho chini ya makorongo, hupita msituni, na theluji ya msituni haikupigwa na upepo uleule. Mnaweza kuchimba shimo na kufanya majaribio mliyofundishwa, na ni jambo jema, ila kumbukeni kwamba shimo moja karibu na kitako cha korongo halisemi lolote kuhusu unene wa bamba lililo mita 150 juu yake. Jaribio linaloonyesha udhaifu lisikilizeni. Jaribio linaloonyesha uimara lisiwe sababu ya kubadili uamuzi mliokwisha kuufanya kwa utabiri na upepo.

Kuhusu watu wengi, natamani swali hili liulizwe na kila mtu anayeegesha gari Pinkham Notch. Alama za watu 10 waliotangulia hazikuthibitishii kwamba wa 11 atapita. Bamba la theluji halina unene mmoja. Ni nene katikati na jembamba kandokando ya miamba, na pale penye wembamba ndipo uzito wa mtu mmoja hufikia tabaka dhaifu kwa urahisi. Watangulizi wanaweza kuwa wamepita kwenye unene bila kuamsha kitu, kisha anayefuata akasogea mita tatu pembeni kutafuta theluji isiyoguswa na kukata bamba lote. Zaidi ya hayo, umati wenyewe ni hatari. Korongo lina kuta mbili na tundu moja la chini, na chochote kinachoachiwa juu, kiwe bamba, theluji legevu, skii iliyofunguka au mtu aliyeanguka, kitapita hapohapo mlipo. Mkifika na kukuta kundi liko juu yenu katika mteremko uliobeba theluji mpya, usalama wenu umo mikononi mwa watu msiojua uwezo wao wala mafunzo yao. Siku hiyo rudini.

Siku ambayo taarifa, upepo na macho yenu vinakubaliana kwamba korongo limetulia, lipandeni kutoka chini. Anayepanda huigusa theluji hatua kwa hatua, hupima unene wake kwa fimbo na kuona mahali gamba la barafu linapojitokeza, ilhali anayeingia kutoka juu hukanyaga kwanza sehemu yenye mzigo mkubwa kuliko zote bila kujua lolote kuhusu mteremko ulio chini yake. Upungufu wa kupanda ni kwamba unakaa muda mrefu ndani ya mkondo, kwa hiyo pitieni ukingoni, si katikati, achianeni nafasi, vaeni kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu) na kushika shoka la barafu mapema, kabla mteremko haujawa mkali kiasi cha kuwafanya mtetemeke mnapozivaa. Mkiona bamba linaongezeka unene kadiri mnavyopanda, geukieni hapo mlipo. Sehemu ya juu si lazima ifikiwe, na nusu ya korongo hushukika vizuri.

Katika kushuka, ateleze mtu mmoja kwa wakati mmoja, wengine wawili wakimtazama kutoka mahali palipo nje ya mkondo, na asisimame katikati ya korongo kwa sababu yoyote isiyo ya lazima. Kwenye mwinuko huo hata theluji legevu isiyo bamba hutiririka nyuma ya mtelezaji, na inaweza kumpiga mwereka akiendelea kukata mizunguko mifupi mahali pamoja. Kila baada ya mizunguko michache sogea upande mmoja, uiache ipite, ndipo uendelee. Mkutano wenu uwe pembeni kabisa ya njia ya theluji, wala msivutwe na Lunch Rocks, miamba iliyo upande wa kulia ukitazama juu, kwa sababu tu mnaona watu wameketi hapo wakila. Mahali hapo hufikiwa na maporomoko, na majira ya kuchipua hufikiwa pia na mapande ya barafu yanayoanguka kutoka juu.

Kila mmoja wenu awe na redio ya utafutaji ya kilohezi 457, inayotoa na kupokea mawimbi ili aliyefukiwa apatikane, iliyowashwa na kukaguliwa mnapoanza safari, ufito wa kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa wa mita 2.4 au zaidi, na koleo la chuma la kuchimbia. Jizoezeni kuvitumia mpaka mikono ifanye kazi bila kuambiwa, kwa kuwa nafasi ya kuishi ya mtu aliyefukiwa hushuka kwa kasi baada ya dakika 10 hivi za kwanza, na msaada wa nje hauwezi kufika bondeni kwa muda huo. Vifaa hivi pia havimkingi mtu na miamba, nayo majeraha huua sehemu isiyo ndogo ya wanaochukuliwa na maporomoko.

Theluji laini mnayoitafuta mtaipata siku hiyohiyo ya kwanza bila kuingia korongoni. Njia ya John Sherburne, iliyokatwa msituni miaka ya 1930 kwa ajili ya skii, hushuka zaidi ya mita 500 kutoka Hermit Lake hadi Pinkham Notch, na kwa kuwa sehemu kubwa imekingwa na miti, sentimita 25 zilizoanguka hubaki kuwa karibu sentimita 25. Pandeni kwa Tuckerman Ravine Trail, ambayo ni ya waendao kwa miguu na haifai kutelezewa wakati wa kushuka, mfike Hermit Lake, mtazame korongo kwa darubini kutoka hapo, mwandike mnachokiona, kisha mshuke kwa Sherburne. Mtakaporudi siku ya pili au ya tatu, maandishi hayo yatawaonyesha upepo uliongeza nini na uliondoa nini.