Maswali yenu: Watoto wa Bruegel wanacheza nini?

Wiki iliyopita niliwaomba mtazame "Michezo ya Watoto", mchoro wa mwaka 1560 wa Pieter Bruegel, mchoraji aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Mchoro huo sasa uko Vienna, Austria, kwenye jumba la makumbusho la Kunsthistorisches. Nimechagua maswali manne.

Mbona hakuna mtoto anayecheka?

Wapo wanaosema Bruegel hakujua kuchora watoto, kwamba hawa ni watu wazima waliofupishwa. Sikubaliani nao. Mtazame mtoto yeyote anayecheza mdako wakati kijiwe kiko hewani: amebana pumzi, macho juu, mkono chini unazoa. Kicheko huja kijiwe kikimponyoka. Bruegel amewakamata kabla ya hapo, na ndiyo maana nyuso zao zina uzito ule.

Kuna michezo tunayoifahamu sisi?

Mingi. Waliohesabu wamepata watoto zaidi ya 200 na michezo zaidi ya 80. Anzeni kona ya chini kushoto: wawili wameketi wanacheza mdako wenyewe, ila badala ya vijiwe wana vifupa vya mguu wa kondoo. Kuna wanaozungusha pia, kuna kurukana migongoni, kuna wanaokimbiza ringi kwa kijiti, kuna aliyefunikwa macho akiwatafuta wenzake. Waliokulia uswahilini hawahitaji kutafsiriwa chochote hapo.

Yule anayechokoa kitu kwa kijiti pale mbele, ni nini kile?

Kinyesi. Umeona sawasawa.

Mwalimu wetu alisema mchoro huu ni fumbo la upumbavu wa watu wazima. Ni kweli?

Wataalamu wengi wamesema hivyo, na wana sababu. Mwaka mmoja nyuma, 1559, Bruegel alichora methali za Kiholanzi, na humo watu wazima wanafanya mambo ya kipuuzi waziwazi. Humu nako watoto wameuteka mji mzima, na katikati wanapita na bibi harusi wao wa kuigiza. Mtu mzima humuoni kwa urahisi. Mmoja ni mwanamke anayewamwagia maji waliokamatana miereka.

Lakini linganisheni mikono. Kwenye zile methali, kazi za watu haziendi popote: mmoja anafukia kisima ndama akiwa ameshazama. Humu kila mkono unajua unachofanya. Anayepanda mwenzake mgongoni amejishika vizuri, anayeendesha ringi ameinamia mahali panapofaa. Mtu anayewadharau watoto hawezi kuwatazama kwa subira namna hiyo.

Halafu nendeni kona ya chini kulia. Msichana amefungua duka la kuigiza, anakwangua tofali apate unga mwekundu, kama rangi ya mchoraji. Sahihi ya Bruegel iko chini hapo hapo, karibu naye. Mimi naisoma hivi: na yeye anajihesabu miongoni mwa wanaocheza, na anaiheshimu kazi ile ya kusaga rangi, yake na ya msichana.

Mchoro halisi una kimo cha sentimita 118 na upana wa 161, kwa hiyo kwenye simu msiutazame wote kwa pamoja. Kuzeni kipande kimoja kimoja. Mkimaliza na duka la rangi, pandeni hadi juu kushoto, kwenye mto na miti ya kijani: kuna wanaoogelea.