Chai ya pakanga inatosha kwa malaria?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Tandahimba. Hapa mnadani kuna kaka anauza majani makavu ya pakanga kwenye vifuko, anasema yana antioksidanti kibao, yanasafisha damu na ukinywa chai yake kila asubuhi malaria utaisikia kwa jirani. Nikanunua. Juzi usiku mwanangu wa miaka 6 kachemka, nikampa kikombe, joto likashuka, jana jioni likarudi. Niendelee kumpa? Na mdogo wangu ana mimba ya miezi 3 naye anaitaka.
Mama wa wawili, Tandahimba

JIBU: Marahaba mama. Kwanza mtoto. Usisubiri kesho, mpeleke zahanati leo hii akatobolewe kidole, kile kipimo cha haraka ni kama dakika 15 hadi 20 tu majibu yapo. Akikutwa na malaria atapewa dawa mseto, yaani ALu, ni dozi 6 kwa siku 3, ile ya pili anapewa baada ya masaa 8 halafu ndo inakuwa asubuhi na jioni, na azimalize zote hata ukimwona keshaanza kukimbizana na wenzake. Azipate na chakula chenye mafuta, na huku kwetu hilo si tatizo, uji wa karanga au wa tui la nazi unatosha kabisa, maana lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye ALu, haiingii vizuri mwilini tumbo likiwa tupu.

Sasa hilo jani. Pakanga ni dawa kweli na sitaki mtu aidharau, hiyo dawa nyingine ndani ya ALu asili yake ni ukoo huohuo. Ila kuna pakanga ya Kichina, Artemisia annua, ndo yenye artemisinini, yaani kile kiini kinachoua vimelea vya malaria, na kuna ya kwetu ya milimani kule Kilimanjaro na Usambara, Artemisia afra, ambayo artemisinini haina au ni chembe tu. Zikishakaushwa na kusagwa kwenye kifuko utazijuaje? Halafu artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji na moto unaiharibu. Mama mmoja Mchina, Tu Youyou, alihangaika sana na hilo mpaka akasoma kitabu cha tabibu wa kale wa China, Ge Hong, cha karne ya 4 kinachosema loweka, kamua, unywe, hakuna kuchemsha, ndo akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu hivi, bila moto mkali, na 2015 akapewa Nobel.

Hapo kwenye antioksidanti ndo naomba unisikilize vizuri. Zimo kweli, flavonoidi na fenoli, na kwenye chupa za maabara zinafanya kazi nzuri. Lakini artemisinini haiui malaria kwa njia hiyo, inaua kwa njia ya kinyume chake kabisa: kimelea kinakula damu, ndani yake kuna madini ya chuma, artemisinini ikikutana na hicho chuma inapasuka na kutoa chembe kali zinazokiunguza kimelea, na chembe za namna hiyo ndo ambazo antioksidanti kazi yake ni kuzituliza. Kwa hiyo mtu akikwambia inatibu malaria kwa sababu ina antioksidanti, amechanganya mambo. Kama unazitaka antioksidanti kula mchicha, kisamvu, na msimu wa korosho mabibo yapo mpaka yanaoza chini ya mikorosho, yana vitamini C tele na hulipii hata shilingi.

Joto kushuka na kurudi ni tabia ya malaria yenyewe. Na hata kama kikombe kilikuwa na artemisinini kidogo, ndani ya masaa machache inaisha kwenye damu, vimelea vilivyobaki vinazaliana upya, ndo maana kwenye ALu imeunganishwa na lumefantrini inayokaa siku kadhaa. Kunywa kidogokidogo kila asubuhi ndo kunanitia hofu zaidi, tunavifundisha vimelea kuizoea dawa, na Kagera vimeshaonekana vyenye mabadiliko ya kuivumilia. Shirika la Afya Duniani nalo limekataa chai na majani haya kwa kutibu au kukinga malaria.

Mdogo wako asinywe, hata kikombe kimoja. Baadhi ya pakanga zina kemikali iitwayo thujoni, si salama kwa mimba. Aanze kliniki sasa, alale kwenye chandarua chenye dawa, na akifika muda wake atapewa SP, vidonge vya kumkinga na malaria, palepale kliniki.