Bango la habari mbaya

SWALI: Nasomea usanifu wa michoro. Mradi wangu ni bango kuhusu wingi wa habari mbaya magazetini. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na rula, rangi baadaye. Kusanya kurasa za mbele za gazeti moja kwa siku 14, upime eneo la kila habari kwa sentimita za mraba, pamoja na picha yake. Kuhesabu vichwa tu kunadanganya: ajali moja humeza nusu ukurasa. Mwombe mwenzako naye aainishe kivyake: mbaya, nzuri, ya kawaida. Mtatofautiana kwenye “Vifo vya malaria vyapungua”, maneno mabaya lakini habari njema; andikeni kanuni, kisha mrudie zote. Kwenye bango, nyekundu iache kama alama ya habari mbaya, magazeti huitumia hata kwa habari za mpira.