Jibu kwa mwenye Glanza wa Chake: bei ya Uingereza na bei ya Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum sheikh, pamoja na wengine mliochangia.

Umeuliza hivi: una Toyota Starlet Glanza V ya 1997, gia za mkono, kakuachia kaka yako aliyehamia Maskati. Dalali wa huko Chake, Pemba, kakupa bei ya Starlet ya kawaida, na mtandaoni umeona za Uingereza zinauzwa kwa fedha ya kununulia kiwanja. Uiuze sasa au uifungie bandani miaka mitano? Mimi niko Unguja. Nilikaa na EP82 GT (Starlet ya tabo iliyotangulia Glanza) muda mrefu, nikaiuza, na sasa nina Glanza kama yako. Nitakwambia nilivyoyaona.

Bei zote mbili ni za kweli. Dalali hajakudanganya, na wale wa Uingereza nao hawadanganyi. Hapa Visiwani mtu akitafuta gari ndogo anataka milango mitano, otomatiki, AC inayopiga na injini isiyokula mafuta. Yako ina milango mitatu, gia za mkono na tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi kwenye injini). Yale yale yanayomfanya Muingereza apande bei ndiyo yanayomfanya mama wa Mwanakwerekwe hapa Unguja, anayetaka gari ya kupelekea watoto skuli, aipite bila kuiangalia mara mbili. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe utamuuzia nani.

Bei za gari ndogo zenye mwendo kama yako zina njia yake, na ukitaka kuiona angalia zilizotangulia. Volkswagen Golf GTI ilianza kuuzwa 1976 na injini ya 1.6 yenye nguvu za farasi 110. Peugeot 205 GTI ikafuata 1984. Zilikuwa gari za nyumbani zenye mwendo, bei yake mtu wa kazi aliiweza. Zilipochakaa zikaangukia kwa vijana, zikagongwa, zikaibiwa, zikachomolewa injini, nyingi zikaliwa na kutu mpaka zikapelekwa chuma chakavu. Bei yake ilifika chini kabisa, hakuna aliyezitaka. Halafu wale waliokuwa wakizitamani wakiwa na miaka kumi na saba wakafika umri wa kuwa na pesa, wakazitafuta, wakakuta zilizobaki nzima ni chache. Hapo ndipo bei ilipogeuka.

Uchache wenyewe nao una mambo yake. Renault walitoa Clio Williams 1993, kila moja na kibao cha namba yake, watu wakanunua wakijua hazitotoka tena. Zikatoka Williams 2 na Williams 3, na wanunuzi wa mwanzo wakaudhika sana. Mpaka leo ile ya mwanzo ndiyo inayotafutwa zaidi, ingawa kwenye uendeshaji hazipishani sana.

Zetu za Japani zina mkondo mwengine. Kule gari ya petroli ikivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda, na ukaguzi nao ni gharama, ndiyo maana zamani walizitoa kwa bei rahisi na sisi tukazipata. Sasa kuna Marekani. Sheria yao inaachia gari iliyotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya gari mpya. EP82 za 1990 zilifunguliwa 2015. Glanza zilianza kutoka 1996, kwa hiyo mlango wake ulifunguka 2021. Honda Civic Type R ya kwanza, EK9, ya 1997, ikafuata 2022. Kila mwaka unaotimia, mnadani Japani wanaongezeka wanunuzi wa dola, na anayeagiza kuja Unguja anashindana nao.

Na haya yakaangukia wakati wa korona, watu wako majumbani, fedha haina pa kwenda, minada ya mtandaoni imepamba moto. Bei ziliruka. Riba zilipopanda Uingereza na Marekani, zikalegea. Ninachotaka ukishike ni kwamba hazikulegea sawa. Gari za hivi hivi, zilizopigwa puti (udongo wa kuzibia bodi) na kufungwa bampa za kuigiza, ndizo zilizoanguka kwanza. Safi zenye kila kitu chake zilisimama vizuri zaidi.

Sasa ya kwako. Kwanza hakikisha ni Glanza V kweli. Kuna Glanza S isiyo na tabo, na kuna Starlet za kawaida zilizovalishwa bampa za Glanza. Injini ya V ni 4E-FTE, 1.3 yenye tabo, farasi 135 kwenye gari isiyofika tani moja. Ile ya kawaida ni 4E-FE. Fungua boneti usome, na usome kibao cha chesisi, kisha linganisha na kadi.

Pili ni kutu, na hapa sitaki tufichane. Visiwa vyetu ni adui wa gari hizi kuliko mwendo wowote. Upepo wa chumvi wa kusi unapiga, masika inakuja juu yake, na Pemba mnapata mvua kushinda sisi. Nilipouza EP82 yangu, mnunuzi alivuka kutoka Dar na hakuomba hata ufunguo. Alifungua buti, akaliinua zulia, akalitoa tairi la spea, akapiga tochi na kupitisha kidole gumba taratibu kwenye maungio yote. Kisha akavuta raba ya mlango pembeni kuangalia alama za welding za kiwandani kama ziko mfululizo. Akalala chini kugonga kingo za chini ya milango, akasikiliza sauti: bati tupu hulia, puti haitoi kitu. Injini aliiwasha mwisho kabisa. Fanya hivyo hivyo kwa yako kabla hujazungumza bei na mtu.

Alichoniuliza baada ya hapo ni usukani wa asili, rimu zake na egzosi ya kiwandani. Nilikuwa nimevifunga na kuviweka stoo tangu nilipovibadilisha, na palepale mazungumzo yetu ya bei yakawa mengine. Kama kaka yako alibadilisha chochote, mpigie leo umuulize kipo wapi. Spea za kawaida za 4E hazina shida, injini hiyo ilifungwa mpaka kwenye Corolla za EE111. Tabo, intakula (kipoza hewa ya tabo), vitambaa vya siti na vikorokoro vya ndani ndivyo vinavyokuwa adimu kila mwaka.

Kuhusu soko, usihesabu Mombasa, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Dar inawezekana, lakini kubadilisha namba ya Z, yaani ya Zanzibar, kuwa ya bara kuna taratibu na ushuru, na mnunuzi ataukata kwenye bei yako. Kuipeleka Uingereza sikushauri, nauli ya meli itakula faida, na wale wanataka karatasi ya mnada wa Japani na rekodi za sevisi, vitu ambavyo wengi wetu tulivitupa. Soko lako ni wapenzi wa Unguja na Dar, ni wachache, na wanajuana.

Uamuzi wangu ni huu. Bodi ikiwa nzima, bei ya dalali ikatae, nawe usiifungie bandani. Gari iliyolala Chake miaka mitano bila kuwashwa itatoka na raba zilizokauka, tangi lenye kutu na breki zilizoganda. Iendeshe kila wiki, panda nayo mpaka Wete ukarudi, ioshe chini kwa maji matamu, paka grisi mvunguni kabla ya masika. Chini ikiwa imeshaoza, iuze mwaka huu kwa huyo huyo dalali, kwa sababu kazi ya fundi bodi itapita bei yoyote utakayoipata baadaye.

Tuma hapa picha ya kibao cha chesisi (ziba namba za mwisho), ya injini, na ya chini ya zulia la buti. Nikiziona nitakwambia uanzie bei gani, na kuna watu wawili Unguja ninaowajua wanaitafuta V ya gia za mkono.